Wauza bangi walioomba watozwe kodi: kinachoamuliwa hasa kwenye kura

Julai 2009 jiji la Oakland, California, liliwapelekea wakazi wake karatasi za kura kwa posta. Bajeti ya jiji ilikuwa na pengo la dola milioni 83, na kati ya maswali manne yaliyoulizwa moja lilivuta macho ya vyombo vya habari hadi nje ya Marekani: je, maduka manne ya bangi ya tiba yenye leseni ya jiji yatozwe kodi ya peke yao? Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 80. Kampeni ya kupinga haikuwapo. Waliolipigia debe swali hilo ni pamoja na wenye maduka wenyewe.

Mfanyabiashara kuomba aongezewe kodi ni habari ya kushangaza popote pale, kwa hiyo tuanze na hesabu. Hoja F, ndivyo kura ile ilivyoitwa, ilipandisha kodi ya maduka hayo kutoka dola 1.20 kwa kila dola 1,000 za mauzo hadi dola 18; yaani kutoka asilimia 0.12 hadi asilimia 1.8. Mkaguzi wa jiji alikadiria kuwa maduka yote manne yanauza bidhaa za dola milioni 17.5 kwa mwaka, na kwamba kiwango kipya kingeliongezea jiji dola 294,000. Linganisha na pengo la milioni 83: haifiki hata nusu ya asilimia moja. Aliyedhani Oakland inaokolewa na moshi wa bangi hakupiga hesabu.

Wenye maduka walikuwa wananunua kitu kingine. Sheria ya California iliruhusu bangi ya tiba tangu kura ya 1996, lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani iliiweka katika daraja la kwanza la dawa za kulevya, pamoja na heroini. Maofisa wa serikali kuu wangeweza kuvamia duka lenye leseni ya jiji, wakabeba mzigo na fedha, na sheria ikawa upande wao. Katika mazingira hayo risiti ya kodi ni kinga ya aina yake. Haizuii pingu, lakini inaifanya halmashauri iwe na maslahi katika uhai wa duka. Diwani ambaye bajeti yake ina fungu linalotokana na bangi hawezi tena kusema hawajui watu hawa. Oakland likawa jiji la kwanza Marekani kuwa na kodi ya namna hiyo, na wauza bangi wakapata mahali pa kusimama.

Walichopata pia ni somo. Mlango ukishafunguliwa, anayeingia hachagui kiasi cha kubeba. Novemba 2010, miezi 16 tu baadaye, Oakland ilirudi kwa wapiga kura ikaomba kodi ipande hadi asilimia 5 kwa bangi ya tiba na asilimia 10 kwa bangi ya starehe. Ikapita. Siku hiyohiyo wapiga kura wa jimbo zima la California walikataa Pendekezo la 19, ambalo ndilo lingehalalisha bangi ya starehe. Kwa hiyo Oakland ililala ikiwa na kodi halali ya asilimia 10 juu ya biashara ambayo jimbo lilikuwa limeikatalia saa chache kabla. Bangi ya starehe ilikuja kuruhusiwa Novemba 2016, kwa Pendekezo la 64, na maduka yake yakafunguliwa Januari 2018.

Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo wengi hulikosea, na ndilo ningependa msomaji alishike kwanza. Kura ya kuitoza bangi kodi si kura ya kuiruhusu bangi. Ni milango miwili tofauti. Pendekezo la 64 liliacha kila jiji na kila kaunti iamue yenyewe kama itaruhusu maduka, mashamba au viwanda vya bangi, na hadi leo zaidi ya nusu ya majiji na kaunti za California hazitoi leseni za maduka ya rejareja. Uamuzi huo mara nyingi hufanywa na baraza la jiji. Kodi ni swali la pembeni. Kuna majiji yaliyoruhusu maduka bila kodi ya ziada, na mengine yaliyopigia kura kodi huku yakiendelea kukataza maduka, kama mtu anayetega ndoo wakati mbingu ni nyeupe.

Matokeo yake ni vichekesho vya sandukuni. Mzee wa kanisa asiyetaka kuisikia bangi hupiga kura ya hapana ili asionekane ameibariki, na kwa kura hiyo amewapunguzia wauza bangi gharama, kwa sababu duka halifungwi. Kijana anayeitetea bangi hupiga ndiyo kwa sababu anaona neno bangi limeandikwa kwa heshima kwenye karatasi ya serikali, kumbe ameipandishia bei. Asilimia 80 ya Oakland, na takriban asilimia hiyohiyo ya Los Angeles Machi 2017, ni mkusanyiko wa watu waliokubaliana jibu bila kukubaliana swali.

Kwa nini mwananchi aulizwe

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki utaratibu wenyewe ni mgeni. Kenya, kodi huzaliwa bungeni ndani ya Muswada wa Fedha. Vijana walipoupinga barabarani Juni 2024, kilichouzuia mwishoni ni Rais kukataa kuutia saini. Tanzania, ushuru wa halmashauri hupita kwa madiwani kupitia sheria ndogo, ndani ya mipaka iliyowekwa na Bunge. Huko kote mwananchi husikilizwa, au huambiwa amesikilizwa, lakini hapigi kura juu ya kiwango.

California ilifungwa mikono na wananchi wake kwa awamu. Mwaka 1978 walipitisha Pendekezo la 13, lililobana kodi ya nyumba na ardhi na kudai theluthi mbili ya kura kwa kodi za mitaa zenye kazi maalumu. Majiji yakatafuta vichochoro. Mwaka 1996 likaja Pendekezo la 218, likavifunga vingi kwa kuandika ndani ya katiba ya jimbo kwamba serikali ya mtaa haiwezi kuanzisha, kuongeza wala kurefusha kodi yoyote bila kura. Likagawa kodi makundi mawili. Kodi ya jumla, ambayo fedha zake huingia mfuko mkuu wa jiji na kutumiwa kwa lolote, inahitaji zaidi ya nusu ya kura. Kodi maalumu, iliyofungwa kwa kazi moja, kwa mfano shule za awali au zimamoto, inahitaji theluthi mbili.

Tazama motisha iliyojengwa hapo. Jiji linaloahidi kwa maandishi kwamba fedha zitakwenda kwa vijana linapandishiwa ngazi hadi asilimia 66 na ushee. Jiji lisiloahidi chochote linatosheka na nusu na kura moja. Ukweli unatozwa, ukimya unasamehewa. Sidhani waandishi wa sheria walikusudia hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na lugha yote ya karatasi za kura za kodi ya bangi imetokana na hapo.

Sentensi moja, mitego mitatu

Sheria ya California inalibana swali la kwenye karatasi lisizidi maneno 75, na kwa kodi inadai litaje kiwango, muda na makadirio ya mapato kwa mwaka. Maswali haya hufanana jimbo zima hilo kama sare za shule. Huu hapa mfano niliotunga kwa kufuata mtindo wao:

"Ili kulinda huduma za jiji kama vile zimamoto, ulinzi, matengenezo ya barabara na programu za vijana, je, ipitishwe sheria ya kutoza biashara za bangi hadi asilimia 10 ya mauzo ghafi, inayokadiriwa kuingiza dola 800,000 kwa mwaka, hadi itakapofutwa na wapiga kura?"

Anayesoma haraka anaona zimamoto, barabara, vijana. Anayesoma polepole anasimama kwenye "kama vile". Maneno hayo mawili ndiyo yanayoifanya kodi ibaki ya jumla. Bila hayo ingekuwa ahadi, na ahadi inahitaji theluthi mbili. Pamoja nayo, fedha zikishaingia mfuko mkuu zinaweza kulipa pensheni za wastaafu, madeni, au rangi ya ukumbi wa jiji, na hakuna aliyevunja sheria. Majiji mengine huweka swali la pili pembeni, la ushauri tu: je, ungependa fedha hizi ziende kwa vijana? Wananchi wanajibu ndiyo, baraza linashukuru, na haliwajibiki. Si kwamba madiwani wote ni wajanja. Wengi hutimiza walichosema. Lakini anayetaka kujua amenunua nini aulize kilichoandikwa katika sheria yenyewe inayoambatanishwa na kitabu cha mpiga kura, na katika uchambuzi wa mwanasheria wa jiji au kaunti, ambao huwa mfupi na mkavu. Ukavu wake ndio faida yake.

Mtego wa pili ni "hadi". Asilimia 10 ni dari. Baraza likishapata ruhusa linaweza kuanza na asilimia 4, likapanda hadi 9 miaka miwili baadaye, bila kurudi kwa mwananchi, kwa kuwa mwananchi alikwishakubali 10. Wapinzani wa kodi hulichukia neno hili. Mimi nadhani linastahili kutetewa kidogo, na kesi yangu ni Oakland tena. Viwango vyake vya 2010 viliwekwa kama namba kamili. Soko lilipobadilika na wafanyabiashara wakaanza kulalamika kuwa majiji jirani ni nafuu, baraza halikuwa na uhuru wa kupunguza. Ilibidi Novemba 2018 wapiga kura waombwe kibali cha baraza kubadili kodi bila kuipandisha. Pia wakaruhusu ilipwe kila robo mwaka na gharama za malighafi zitolewe katika hesabu. Fikiria: jiji linafanya uchaguzi ili liruhusiwe kutoza kidogo.

San Francisco ilichagua njia ya dari mwaka huohuo wa 2018. Wapiga kura walikubali kodi ya asilimia 1 hadi 5 kwa mauzo yanayozidi dola 500,000, ianze 2021. Ilipofika zamu yake, maduka yalikuwa yanahema. Baraza likaiahirisha, kisha likaiahirisha tena. Kodi iliyopita kwa kura halali ikakaa kabatini miaka na miaka.

Ghafi maana yake nini

Mtego wa tatu ndio mzito, nao umejificha katika neno ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama: ghafi. Kodi ya mauzo ghafi haiulizi umebaki na nini. Inauliza umeuza kiasi gani. Mkenya mwenye biashara ndogo anaijua tabia hii kupitia kodi ya mauzo ghafi ya KRA, iliyopandishwa hadi asilimia 3 mwaka 2023: mwaka wa hasara nayo inadaiwa. Mtanzania anaijua kwenye ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Unahesabiwa kwa thamani ya mzigo, haujali shamba lilikula kiasi gani.

Kwa biashara ya kawaida kodi ya ghafi ya asilimia 2 au 3 inauma lakini inavumilika. Kwa bangi inakutana na sheria ya serikali kuu inayoitwa kifungu cha 280E, na hapo ndipo hesabu zinapogeuka.

Historia yake inachekesha. Mwaka 1981 muuza dawa za kulevya wa Minneapolis, aliyekuwa akiuza amfetamini, kokeini na bangi, alifika mbele ya mahakama ya kodi ya Marekani akidai gharama zake za biashara zitolewe kwenye mapato kabla ya kutozwa kodi: mizani, vifungashio, simu, mwendo wa gari, sehemu ya pango la nyumba. Mahakama ilikubali gharama kadhaa, kwa kuwa sheria ya kodi ya mapato haikubagua biashara haramu. Bunge la Marekani lilikasirika, na 1982 likaweka kifungu kinachosema kwamba anayeuza dawa za daraja la kwanza au la pili hawezi kutoa gharama zozote za uendeshaji katika mapato yake. Anaruhusiwa kutoa gharama ya bidhaa yenyewe tu. Kilitungwa kwa ajili ya wauza kokeini. Leo kinambana mwenye duka mwenye leseni, mlinzi, mhasibu na wafanyakazi wenye bima. Duka la Harborside la Oakland, moja ya makubwa kabisa, lilikipinga mahakamani likashindwa 2018, na rufaa yake ikagonga mwamba 2021.

Chukua duka la kubuni. Linauza bidhaa za dola 1,000,000 kwa mwaka. Bidhaa zimegharimu 600,000. Pango, mishahara, ulinzi na umeme ni 320,000. Imebaki 80,000. Duka la viatu lenye namba hizohizo, likiwa kampuni, lingelipa serikali kuu asilimia 21 ya 80,000, yaani dola 16,800. Duka la bangi linahesabiwa kana kwamba limepata 400,000, kwa sababu zile 320,000 hazitambuliwi. Asilimia 21 yake ni 84,000. Tayari limelipa zaidi ya faida yake yote. Sasa jiji linakuja na asilimia 5 ya mauzo ghafi: dola 50,000 nyingine. Duka lililoonekana lina faida limefunga mwaka na hasara ya 54,000, na bado hatujagusa kodi ya mapato ya jimbo. Mei 2024 serikali kuu ilitoa pendekezo la kuihamishia bangi daraja la tatu, na uzito wa pendekezo hilo kwa wenye maduka uko hapo hasa: daraja la tatu liko nje ya kifungu cha 280E.

Mauzo ghafi si msingi pekee wa kutozea. Kaunti ya Humboldt, kaskazini mwa California, ambako bangi ililimwa milimani kwa miongo kabla ya leseni yoyote, ilipiga kura Novemba 2016 ikachagua kutoza eneo: dola 1 kwa futi ya mraba ya shamba la nje, 2 kwa shamba linalochanganya jua na taa, 3 kwa kilimo cha ndani. Ilionekana ya haki na rahisi kukagua. Shida ya kodi ya eneo ni kwamba haijui bei. Bei ya jumla ilipoporomoka 2021, mkulima alidaiwa kilekile kwa futi ileile. Juu yake jimbo lilikuwa na kodi ya kilimo iliyohesabiwa kwa uzito, iliyofika karibu dola 161 kwa ratili mwanzoni mwa 2022. Mwanzoni mwa mwaka huo baraza la kaunti liliipunguza kodi yake kwa asilimia 85, na Julai mosi jimbo likaifuta kabisa ile ya uzito.

Kodi juu ya kodi

Wanaopiga kura hupewa swali la jiji lao pekee. Karatasi haiwaambii kwamba kodi ya jiji ni ghorofa moja tu katika jengo. Los Angeles, kwa kura ya 2017, iliweka asilimia 10 kwa mauzo ya bangi ya starehe, 5 kwa ya tiba, 2 kwa viwanda, 1 kwa usafirishaji na upimaji. Mteja akichukua bidhaa ya dola 100, duka likimhamishia kodi ya jiji inakuwa 110. Ushuru wa bidhaa wa jimbo, asilimia 15, unahesabiwa juu ya 110, siyo juu ya 100: imefika 126.50. Kisha kodi ya kawaida ya mauzo, karibu asilimia 10, inahesabiwa juu ya jumla hiyo. Anatoka dukani amelipa takriban dola 139.

Mtaa wa pili kuna mtu anayeuza bila leseni kwa 70, wala hana mashine ya risiti. Huyo ndiye mshindi wa kila kura ya kodi iliyopita bila kupimwa, na soko la magendo la California halijawahi kufa tangu 2018. Sisemi bangi isitozwe. Nasema swali la "je, tuitoze?" ni jepesi mno, na ndiyo sababu hupita kwa asilimia 80. Gumu ni "juu ya zipi zilizopo tayari?"

Kukusanya kwenyewe kuna sarakasi. Benki nyingi, zikiwa chini ya usimamizi wa serikali kuu, hazitaki akaunti za bangi, kwa hiyo sehemu ya kodi hizi imelipwa kwa noti. Ofisi za mapato zimelazimika kupanga miadi na wafanyabiashara wanaokuja na mifuko, na kuweka walinzi na mashine za kuhesabia.

Upland, au jinsi bangi ilivyobadili kodi zisizohusu bangi

Kisa kinachonivutia kuliko vyote kilitokea Upland, mji wa mashariki mwa Los Angeles usioruhusu maduka ya bangi. Mwaka 2014 wanaotaka maduka yaruhusiwe walikusanya saini wakadai uchaguzi maalumu. Pendekezo lao lilisema kila duka lilipe mji ada ya dola 75,000 kwa mwaka. Mji ukapiga hesabu ukaona usimamizi wa duka moja hauzidi dola 15,000. Basi, ukasema, ziada hiyo si ada, ni kodi ya jumla. Na kwa mujibu wa Pendekezo la 218 kodi ya jumla hupigiwa kura kwenye uchaguzi mkuu tu. Subirini Novemba 2016.

Wenye hoja wakaenda mahakamani. Uchaguzi wa 2016 ukafika, wananchi wa Upland wakalikataa pendekezo, na mtu angedhani mambo yameisha. Lakini Mahakama ya Juu ya California iliona swali la sheria ni zito, ikalijibu hivyohivyo, Agosti 2017: masharti ya Pendekezo la 218 kuhusu tarehe ya kura yaliwekwa ili kuwabana viongozi. Wananchi wanaoleta pendekezo lao kwa saini hawabanwi nayo.

Mawakili wa majiji walisoma hukumu hiyo wakauliza swali lililofuata. Kama tarehe haiwabani wananchi, je, theluthi mbili inawabana? Mwaka 2018 San Francisco ilikuwa na mapendekezo mawili ya kodi maalumu yaliyoletwa kwa saini, moja la malezi ya watoto wadogo, jingine la kuwasaidia wasio na makazi. Yote mawili yalivuka nusu bila kufika theluthi mbili. Lile la watoto lilipita kwa chini ya asilimia 51. Jiji likasema yamepita, kesi zikafunguliwa, na mahakama za rufaa zikakubaliana na jiji. Mamia ya mamilioni ya dola kwa watoto na wasio na makazi yakafunguliwa na mlango uliobomolewa na watu waliotaka duka la bangi katika mji uliowakatalia.

Kwa Mswahili aliye huko

Wako wasomaji wetu Los Angeles, Minneapolis, Denver na kwingineko wanaopata vitabu vya mpiga kura mlangoni. Mambo mawili kwao. Asiye raia wa Marekani asiijaze karatasi hiyo hata ikimfikia kwa jina lake kwa makosa ya orodha. Katika uchaguzi wa aina hii kosa hilo linaweza kumharibia kibali cha makazi. Na mwenye kadi ya kijani anayepewa kazi katika duka la bangi lenye leseni halali ya jimbo ajue kwamba tangu Aprili 2019 mwongozo wa idara ya uhamiaji unasema kazi hiyo inaweza kumkosesha sifa ya mwenendo mwema anapoomba uraia, hata kama jimbo limeiruhusu na jiji linaitoza kodi. Jiji lake litapokea fedha za duka lile bila kuuliza. Ofisa wa uraia atauliza.

Nani anaweza kuishusha

Pendekezo la 218 liliacha silaha moja mikononi mwa wananchi: wanaweza kupunguza au kufuta kodi yoyote ya mtaa kwa pendekezo la saini, na idadi ya saini inayodaiwa imewekewa kikomo. Wenye maduka wanaijua njia hiyo, lakini kampeni ya kuwaomba majirani wakupunguzie kodi wewe muuza bangi ni ngumu kuuza. Wamependelea milango ya mabaraza, kama San Francisco na Humboldt, na ya bunge la jimbo huko Sacramento. Jimbo lilipofuta kodi ya uzito 2022 liliweka fidia: ushuru wa bidhaa ungeweza kupandishwa baadaye. Julai mosi 2025 ukapanda kutoka asilimia 15 hadi 19. Kelele zilikuwa kubwa, na Septemba gavana Gavin Newsom akasaini sheria ya kuurudisha 15 kuanzia Oktoba. Nafuu hiyo ni ya muda, mpaka katikati ya 2028.